Pazia Nyuma ya Siti

Tusekile mwanangu,

Begi lako nimelifunga, na mchele umo, kwa hiyo asubuhi usianze kunizungusha ukiuliza nimeuweka wapi. Habari za kula vizuri, kulala mapema na kujihadhari na watu sitakuandikia. Nimekuimbia hayo tangu unaanza kutembea, na kama hayajakuingia mpaka leo, karatasi haitayaingiza. Nakuandikia kwa sababu siku hizi zote unaniuliza swali moja na mimi nakujibu, "Hakuna kitu, endelea na kazi." Kipo kitu. Nimepigwa na butwaa, mwanangu. Hata mkono huu unaoshika kalamu nauona kama wa mtu mwingine.

Babu yako alipokupa pikapu yake, watu walicheka. Ilikuwa imekaa bandani nyuma ya migomba miaka na miaka, kuku wanatagia ndani. Ukaivuta mpaka mjini kwa mafundi wenzako, mkaiamsha injini, mkaitoa kutu, mkaipaka ile rangi ya maziwa. Iliporudi hapa nje ilikuwa inang'aa na ndani ilikuwa gofu: chuma kitupu, nyaya zinaning'inia, na vipande vyote vya ndani vimejaa kwenye magunia. Ukaniambia, "Mama, ndani tunarudishia wenyewe. Wewe una cherehani, mimi nina spana." Nilifurahi kuliko nilivyokuonyesha. Nilijua unakwenda Iringa kwenye hiyo karakana ya magari ya zamani, na hizo siku za kushona leza ya siti na wewe ndizo nilizokuwa nimebakiza.

Unakumbuka nilivyokusumbua. Wewe ulinieleza vizuri kabisa: nyaya kwanza, halafu kitambaa cha juu, halafu kapeti, halafu dashibodi, siti mwisho. Mimi nikang'ang'ania siti iingie kwanza, hata na ile ngozi yake kuukuu, nione tu inavyokaa. Ukasema, "Mama, hili siyo sebule." Nikakununia mpaka ukaniingizia. Tukaitazama, nikaridhika, kisha ukagundua huwezi hata kuufikia mtaro wa nyaya za taa za nyuma. Ikabidi itoke tena. Wewe unavuta upande wako unacheka, mimi navuta upande wangu nimekasirika kwa sababu kosa ni langu, na mgongo wa siti ukakwama kwenye kona ya mlango ukachanika. Kikaanguka kile kifurushi cha nailoni.

Kabla ya hapo ulikuwa umeshaniuliza kuhusu zile ndoano mbili darini, moja juu ya kioo cha mbele, nyingine juu ya kile kidirisha cha nyuma. Ulitaka kujua uzing'oe au utoboe kitambaa kipya zipite. Nikakwambia ng'oa, mabaki ya ujinga wa zamani, lakini ulikuwa hujazing'oa bado. Basi ukafungua nailoni, ukatoa kitambaa kizito cha maua mekundu kilichotiwa vipete vya waya juu yake. Ukachukua kipande cha waya, ukakipitisha kwenye vipete, ukakifunga ndoano hadi ndoano. Kikakaa sawasawa. Kebini ikagawanyika mara mbili, dereva huku, abiria kule, hawaonani. Ukasema, "Mama, nani anaweka pazia katikati ya gari?" Na ukacheka.

Mimi ni fundi cherehani, Tusekile. Nilishika upindo wa pazia lile nikaona mishono yake. Ilikuwa ya mkono, mirefu, imekwenda upande, ya mtu ambaye hajawahi kushika sindano maishani mwake. Na kitambaa kilikuwa kipya. Kimechakaa kwa kukaa, lakini hakuna mkono uliowahi kukivuta. Ndipo nilipokwambia nakwenda kutazama chungu jikoni, na jikoni hapakuwa na chungu.

Sasa nikueleze. Wewe umekua ukiona mimi na babu yako hatusalimiani, ukadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa. Unajua neno kutila, umelisikia kwa bibi yako, lakini hukuolewa ndani yake. Mimi nilipoletwa hapa nikiwa msichana, nilifundishwa kwamba mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hapazi sauti asije akaisikia, halitaji jina lake, haingii alipo. Akitokea njiani, unaacha njia. Ukiwa na mzigo kichwani unaingia nao majaniani, unachuchumaa, unajifunika kitenge mpaka apite. Naye vilevile hakuiti, hakukaribii, hakusemeshi. Mkiwa na neno la kuambiana, analipeleka mama mkwe au mume. Hata leo kwenye barua hii naandika "babu yako," na sidhani umewahi kunisikia nikimwita vinginevyo.

Gari lake lilikuwa na siti moja ndefu tu, unaijua, umeishona. Wanawake wa makabila mengine wasio na mila hii walipanda mbele kwenye magari ya wakwe zao wakiwa na waume zao, mimi sikupanda. Nilijifunza kuutambua mlio wa injini ile kutoka mbali kama mtu anavyotambua kikohozi cha mlevi wake, nikawa naingia kwenye migomba kabla haijatokeza.

Ulikuwa na kaka, Lusajo. Hilo unalijua, umemwekea maua kila Pasaka. Unachojua ni kwamba alikufa kwa homa. Usichojua ni siku ile yenyewe.

Ilikuwa masika, ile mvua yetu ya Kyela isiyoomba ruhusa. Baba yako alikuwa kwenye meli wakati ule, wameshaondoka bandari ya Itungi, wako kusini mwa ziwa. Bibi yako alikuwa msibani kwao Ikombe, na mtu aliyekwenda Ikombe kwa mtumbwi humrudishi kwa kumwita. Lusajo alikuwa ameugua siku kadhaa, asubuhi ile akapata degedege. Nikamfunga mgongoni, nikajifunika turubai, nikashika barabara ya mjini kwenda hospitali. Hapakuwa na bodaboda siku hizo. Maji yalikuwa magotini.

Nilipofika kwenye majaruba ya Njisi nikasikia injini nyuma yangu. Niliijua. Nikashuka barabarani nikaingia kwenye mpunga, nikachuchumaa na mtoto mgongoni. Nikangoja apite.

Hakupita. Gari lilisimama. Akapiga honi. Akapiga tena, ndefu. Moyo ukaniambia ananifokea, kwamba nimemkosea heshima, labda ameniona kichwa, labda turubai limenivuka. Halafu nikachungulia chini ya turubai nikaona mlango umefunguka. Ule wa upande wangu, wa abiria. Tusekile, niliona mlango ule umefunguka wazi kwenye mvua, na akili yangu ikaniambia kitu kimoja tu: anashuka, anakuja huku. Nikakimbia. Nikakimbilia ndani ya mpunga, maji mpaka kiunoni, mtoto mgongoni, nikaanguka nikainuka. Nyuma yangu honi inalia, inalia, inalia. Baadaye ikanyamaza, gari likaondoka polepole sana.

Nilifika hospitali mchana. Lusajo alifariki jioni.

Na mimi tangu siku ile nilikuwa na hadithi yangu kamili. Mzee yule ana gari, mjukuu wake anakufa, naye anasimama barabarani kunipigia honi kwa sababu ya heshima yake, halafu anajiondokea na siti tupu. Hiyo ndiyo hadithi niliyolala nayo na kuamka nayo. Wewe ulipozaliwa bibi yako aliomba upewe jina la upande wa babu yako, nikakataa mpaka wakanyamaza.

Sasa ngoja nikwambie ubaya wangu wenyewe, maana ule wa mpunga ulikuwa woga tu, na woga Mungu anausamehe haraka. Miaka ilipita, mila ikalegea. Mchungaji alisema kanisani kwamba si lazima tena. Wenzangu mmoja mmoja waliitwa na wakwe zao, wakapewa kitenge, wengine hata ng'ombe, wakafunguliwa, wakaanza kusalimiana na kula pamoja. Babu yako naye alinitumia neno. Bibi yako, Mungu amlaze pema, alikuja hapa jikoni akiwa na uso wa furaha akaniambia, "Mzee anasema yatosha sasa. Anataka kukusalimia." Nikamjibu nikiwa nimepiga magoti, sauti ya chini kabisa, "Mama, mimi nililelewa kwa adabu. Nitamheshimu mpaka mwisho." Aliondoka kichwa chini.

Wanawake wa kanisani walinisifu. Walisema katika Kyela hii amebaki mkamwana mmoja. Nilizikubali sifa zile, mwanangu. Nilizivaa. Wakati huo ndani ilikuwa chuki tupu, nimeivika heshima ili isionekane, na kila siku nilimpikia chakula kizuri kwa makusudi ili asipate pa kunilaumu. Kama kuna kitu kimoja ningependa ukichukue kutoka kwangu uende nacho Iringa ukakiogope, ni hicho. Mimi mwenyewe sikukijua mpaka juzijuzi. Nilidhani mimi ni mtu mwema aliyekosewa.

Nilipotoka jikoni siku ile ya pazia nilimfuata baba yako shambani. Alikuwa anapasua kakao. Nikamwambia, "Kuna pazia kwenye gari la baba yako." Aliweka panga chini. Hakuuliza pazia gani. Hapo ndipo niliposhtuka zaidi, hata kuliko pazia lenyewe: aliyekuwa analala kitandani kwangu alikuwa anajua.

Nikamwambia, "Sema."

Akasema, "Kaa kwanza."

"Sikai. Sema."

Akaniambia. Babu yako alimsikia Lusajo akilia kwa homa ng'ambo ya ua, siku nzima, usiku kucha. Hakuwa na wa kumtuma. Hawezi kuniita, hawezi kuingia kwangu, mke wake yuko Ikombe, mwanawe yuko ziwani. Kwa hiyo alichukua kitambaa kipya kilichonunuliwa kwa ajili ya dirisha la chumba chake akaketi akashona pazia, ili nipande mbele na mtoto bila mtu kuvunjiwa heshima. Mpaka anamaliza kufunga zile ndoano, mimi nimeshaondoka kwa miguu. Akanifuata. Akasimama, akajinyoosha akanifungulia mlango kutoka ndani, akajirudisha upande wake nyuma ya pazia, akapiga honi nijue kwamba naruhusiwa. Hakushuka hata hatua moja. Alipoona nimekimbilia majini aliogopa kwamba akiendelea kungoja nitazama na mtoto, ndipo akaondoka. Alikwenda moja kwa moja hospitali akawaambia kuna mama anakuja na mtoto, wajiandae. Kumbe ndiyo maana walinipokea getini. Miaka yote hii nilidhani ni bahati. Na pazia alilitia kwenye nailoni akalificha ndani ya mgongo wa siti.

Nilimuuliza baba yako kitu ambacho wewe pia ungeuliza. Kwa nini hukuniambia? Uliporudi kutoka kwenye meli, kwa nini hukuniambia?

Akalia. Sijawahi kumwona baba yako analia mchana. Akasema, "Nilitaka. Baba alinikataza. Alisema, huyu binti akijua kwamba alikimbia msaada akiwa na mtoto mgongoni, hatainuka tena. Mwache anichukie mimi. Mimi naweza kuchukiwa."

Tusekile, nilisimama pale katikati ya maganda ya kakao nikashindwa hata kuita Mungu. Watu wanasema usilolijua ni sawa na usiku wa giza. Langu halikuwa giza, lilikuwa jua kali, nilikuwa naona kila kitu vizuri kabisa, na kila nilichokiona hakikuwa hivyo. Wanasema pia majuto ni mjukuu. Yangu yaliletwa na mjukuu kweli, ameshika bisibisi, anacheka.

Sijui kama gari lingemwokoa Lusajo. Nimelipima hilo swali mpaka nimechoka, na nakuomba usinipimie wewe. Nilichokipoteza kwa hakika ni kingine. Ni yule mzee. Alikaa hatua chache kutoka jikoni kwangu na jambo lile tumboni, akila chakula changu, na kila siku mimi namwona kwa pembeni ya kitenge nikimhukumu upya.

Leo mchana ulipokuwa unapiga misumari ya mwisho ya vifuniko vya milango, uliniambia, "Mama, siti imekaa. Njoo ukae uone." Sikuja. Ulidhani nimenuna. Nilikuwa naoga. Nilivaa gauni la kanisani, nikafunga kitenge kichwani, nikaenda kwa babu yako.

Unajua anavyokaa barazani mchana, macho yake yamekwisha, fimbo imelazwa mapajani. Sikuweza kumkabili mbele. Mila si kitu cha kuvua kama kandambili. Nikasimama kwenye kona ya ukuta, mgongo wangu kwake, naangalia shamba la ndizi. Nikasema, "Mugonile, tata." Salamu ya kawaida kwa baba, maneno mawili. Kila mtoto wa kijiji hiki anayasema kila siku. Mimi yalinitoka kama natoa jino.

Akainua kichwa. Nilisikia kiti kinalia. Akauliza kwa Kinyakyusa, taratibu, kama unavyomuuliza mgeni aliyepotea njia:

"Nani huyo?"

Mwanangu, hakunijua. Nimeishi naye ua mmoja tangu ujana wangu, nimezika naye mtoto, nimezika naye mke wake, amekula chakula cha mkono wangu maisha yake yote ya uzee, na hajui sauti yangu. Wala hakuwa na namna ya kuijua. Sikuwahi kumpa.

Nikamwambia, "Ni mimi, tata. Mama yake Lusajo."

Nikageuka. Kwa mara ya kwanza nikamtazama uso wake mzima, siyo kwa pembeni. Ana kovu dogo juu ya jicho, sikuwahi kujua. Nikasema nimeliona pazia, nikamshukuru, ndaga, tata, ndaga fijo, na nilitaka kusema mengine mengi, kuomba msamaha kwa mpangilio kama nilivyokuwa nimejipanga nikioga, yote yakapotea.

Akasema, "Kumbe ndiyo sauti yako hiyo."

"Ndiyo hii, tata."

"Basi sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Nimekaa muda mrefu nikijiuliza ikoje."

Nikakaa chini kwenye mkeka, mbele yake kabisa. Sikuwa na la maana la kusema, kwa hiyo nikamsimulia wewe. Nilimwambia ulivyonikatalia siti, ulivyoteseka na raba za vioo, rangi uliyoipaka, unavyoondoka kesho kwenda Iringa. Alicheka kwenye habari ya siti. Nilizungumza mpaka koo likakauka, na nilipotaka kunyamaza aliniambia niendelee.

Kesho asubuhi ukimaliza kupakia, usiwashe gari kwanza. Nenda barazani ukamuage babu yako. Usije kunitafuta jikoni. Utanikuta pale, nimekaa naye.

Mama yako, mama yake Lusajo.